Mashine Ikague Ghala Kabla ya Kumkagua Mlaji

India hugawa chakula cha serikali kwa watu wapatao milioni 800 kila mwezi, kupitia maduka ya mgao yanayozidi 500,000, na katika miaka ishirini iliyopita majimbo yake yamejaribu karibu kila aina ya teknolojia inayoweza kuwekwa kati ya ghala na sufuria ya mlaji. Yapo majimbo ambako kompyuta ziliwarudishia wananchi mchele uliokuwa ukiibwa, na yapo mengine ambako mashine ziliwazuia wenye haki kuchukua chakula chao huku wizi ukiendelea vilevile. Kazi yangu ni kutengeneza mifumo ya kumbukumbu kwa ofisi za umma, na tofauti hiyo nimeifuatilia kwa muda mrefu, kwa sababu huku kwetu kila ruzuku mpya siku hizi, iwe ya mbolea, ya mahindi au ya fedha za kaya maskini, huja na mfumo wake wa kidijitali, na mara nyingi tunaiga kile kifaa kinachoonekana kwa macho na kuyaacha mambo yaliyokiwezesha kufanya kazi.

Hoja yangu naiweka mapema. Teknolojia ya habari hufaulu katika mgao wa chakula pale inapoanza kwa kulikagua ghala, lori na duka, yaani mahali ambapo mtu mmoja anaweza kuiba magunia mia kwa saini moja. Hushindwa pale inapoanza kwa kumkagua mlaji, ambaye hata akidanganya ataondoka na kilo chache tu.

Tuifuate kwanza nafaka yenyewe. Shirika la Chakula la India, lililoundwa mwaka 1965, ndilo mhimili wa ununuzi wa ngano na mchele kwa bei iliyotangazwa na serikali. Huhifadhi nafaka hiyo, kisha hulikabidhi kila jimbo kiasi lilichopangiwa. Jimbo huisafirisha hadi kwenye maghala yake ya wilaya, na kutoka huko nafaka huenda kwenye maduka ya mgao, ambako mwenye kadi huja na mfuko wake kuchukua haki yake ya mwezi. Sheria ya Taifa ya Uhakika wa Chakula ya mwaka 2013 iliiweka haki hiyo kuwa kilo 5 kwa kila mtu, na kilo 35 kwa kila kaya iliyo maskini kabisa, kwa bei ya rupia 3 kwa kilo ya mchele, rupia 2 kwa kilo ya ngano na rupia 1 kwa nafaka nyinginezo kama uwele. Tangu Januari 2023 nafaka hiyo hutolewa bure. Watanzania waliokuwa watu wazima mwanzoni mwa miaka ya 1980 wanayakumbuka maduka ya kaya, na hawahitaji kuelezwa kinachotokea pale bidhaa ileile inapokuwa na bei mbili, moja kwa mwenye kadi na nyingine kwa anayepitia mlango wa nyuma.

Wizi mkubwa ulitokea kabla ya nafaka kufika kijijini. Lori lilitoka ghalani na hati zote halali, likaishia kwa mlanguzi, na mwenye duka akajaza daftari lake kana kwamba magunia yalifika na yakagawiwa. Yeye naye alilipwa kamisheni ndogo mno kiasi kwamba asingeweza kuliendesha duka kwa uaminifu na bado akalipa pango. Wachumi waliolinganisha nafaka iliyotoka maghalani na ile ambayo kaya zilisema zimeipata katika uchunguzi wa taifa walikadiria kwamba mwaka 2004-05 zaidi ya nusu ya nafaka ya mgao nchini India ilipotea njiani. Katika jimbo la Bihar kiasi kilichopotea kilikaribia yote.

Chhattisgarh lilikuwa katika hali hiyohiyo. Ni jimbo la katikati ya India, lililomegwa kutoka Madhya Pradesh Novemba 2000, lenye misitu mingi, mashamba ya mpunga na idadi kubwa ya watu wa jamii za Adivasi, yaani makabila ya wenyeji wa asili. Mwaka 2004 serikali ya jimbo hilo ilitoa amri ya kuyaondoa maduka ya mgao mikononi mwa wafanyabiashara binafsi na kuyakabidhi kwa mabaraza ya vijiji, vyama vya ushirika na vikundi vya akina mama. Wafanyabiashara walikimbilia mahakamani, utekelezaji ukachelewa, lakini hatimaye amri ilisimama. Kamisheni ya maduka iliongezwa na maduka yakapewa mikopo isiyo na riba ili yaweze kujiendesha. Jimbo likaanza kupeleka magunia kwa malori yake hadi mlangoni mwa duka, badala ya kumwacha mwenye duka ayafuate ghalani na kuamua mwenyewe pa kuyashushia. Mwaka 2007 mchele ukawekwa rupia 3 kwa kilo, tena kwa kaya nyingi kuliko zile ambazo serikali kuu ilizitambua kuwa maskini. Kompyuta ziliingia katikati ya mageuzi hayo, wakati ambapo tayari kulikuwa na jambo la kuzifanyia kazi.

Namna zilivyoingia inastahili kuangaliwa kwa makini, kwa sababu hapa ndipo penye somo kwa watu wa fani yangu. Wataalamu wa Kituo cha Taifa cha Informatiki, taasisi ya kompyuta ya serikali kuu, waliuanzisha mfumo pale serikali inaponunua mpunga. Katika vituo vya ushirika, kila mkulima aliyeleta mpunga aliandikwa kwenye kompyuta pamoja na uzito aliouleta na malipo yake, kwa hiyo kumbukumbu ilianza na kile kilichoingia. Kisha kadi zote za mgao zikawekwa katika kanzidata moja. Kila mwezi mfumo ulipiga hesabu ya mgao wa kila duka kwa kuangalia idadi ya kadi zake na akiba iliyobaki dukani, hivyo mwenye duka hakuweza tena kuomba magunia kwa makisio, wala ofisa wa wilaya hakuweza kumwongezea rafiki yake. Hati ya kutolea mzigo ilichapishwa na mfumo, na lori lilipoondoka ghalani kuondoka kwake kuliingizwa humohumo.

Hapo ndipo lilipokuja jambo ambalo mimi naliona kuwa moyo wa kazi yote. Raia yeyote aliweza kuandikisha namba yake ya simu kwa ajili ya duka la kijiji chake, na lori lilipoondoka ghalani kuelekea dukani hapo alipata ujumbe mfupi unaolitaja lori hilo na mzigo wake. Hakutakiwa kuwa na kadi, wala kuwa kiongozi, wala kueleza sababu. Mwalimu wa shule na mwandishi wa habari wa wilayani waliweza kujua, kwa wakati mmoja na mwenye duka, kwamba mchele wa kijiji uko njiani. Lori lisipofika hadi jioni, watu wa kuuliza walikuwapo, na walikuwa na namba ya simu ya bure ya kupeleka malalamiko. Pia kulikuwa na siku maalumu mwanzoni mwa mwezi, iliyopewa jina la Chawal Utsav, yaani sikukuu ya mchele, ambapo ugawaji ulifanyika hadharani mbele ya kijiji kizima. Ujumbe wa simu ulipata nguvu kwa sababu ya siku hiyo, na siku hiyo nayo ikapata nguvu kwa sababu ya ujumbe.

Kwa makadirio ya wachumi haohao, upotevu katika Chhattisgarh ulishuka kutoka takriban nusu ya nafaka mwaka 2004-05 hadi karibu asilimia 10 mwaka 2009-10. Mabadiliko ya namna hiyo katika miaka mitano ni makubwa mno, na ni rahisi kuyapachika kwenye kompyuta peke yake. Ushahidi wa majimbo mengine unatuzuia. Odisha na Bihar nazo zilipunguza upotevu kwa kiwango kikubwa kufikia mwaka 2011-12, na kwa zote mbili hatua za kawaida kabisa za utawala zilitangulia mashine. Kilichofanana ni kwamba viongozi waliutaka mgao ufike. Raman Singh, waziri kiongozi wa Chhattisgarh wa wakati huo, alijulikana kwa wapiga kura wake kama baba wa mchele, akashinda tena uchaguzi wa mwaka 2008 na wa 2013. Kiongozi ambaye kura zake zinategemea mchele kufika kijijini ataifungua ripoti ya kompyuta kila wiki na kumpigia simu ofisa wa wilaya ambayo magunia yake hayaonekani. Pale ambapo hakuna kiongozi wa kuifungua, ripoti hiyohiyo hukaa kwenye seva bila kumsumbua mtu.

Hata Chhattisgarh haikuwa pepo. Mwaka 2015 ofisi ya kupambana na rushwa ilivamia shirika la ugavi la jimbo hilo kwa madai ya rushwa iliyohusu kupokelewa kwa mchele usiofikia viwango. Mfumo uliohesabu kilo kwa uhodari haukuwa na jicho la kuona mchele mbovu, na palipobaki giza ndipo tuhuma zilipozuka.

Sasa tuje kwa mlaji. Mwaka 2009 India iliunda mamlaka ya utambulisho iliyoanza kutoa namba ya Aadhaar, yenye tarakimu 12, inayoambatana na alama za vidole na picha ya mboni za macho. Namba hiyo ilipoenea, serikali kuu ilisukuma kila duka la mgao liwe na mashine ndogo ya kusomea alama za vidole, ili anayechukua nafaka athibitishwe kwanza na seva iliyoko mbali. Mantiki yake ilielezwa kirahisi, kwamba kadi hewa zitakufa na fedha za umma zitaokolewa.

Hebu tuitazame shughuli hiyo kwa karibu, dukani. Mama anafika na mfuko wake. Ili apate mchele ni lazima kadi yake iwe imeunganishwa na namba ya Aadhaar bila kosa la tarakimu hata moja, mashine iwe na chaji, mtandao uwepo, seva iitike, na kidole chake kisomeke. Mambo matano, na yote yatimie kwa dakika ileile. Katika wilaya za misitu na milima mtandao huja na kuondoka. Vidole vinavyokataa kusomeka ni vya wale waliofyatua matofali na kupandikiza mpunga maisha yao yote, na vya wazee, yaani watu ambao mgao uliwekwa kwa ajili yao. Likikosekana moja kati ya hayo matano, mama huyo huambiwa arudi kesho, na kesho hiyo humgharimu kibarua cha siku nzima.

Jharkhand, jirani wa Chhattisgarh, ndilo jimbo ambako athari za utaratibu huu zilipimwa vizuri zaidi. Wachumi Karthik Muralidharan, Paul Niehaus na Sandip Sukhtankar walifanya utafiti uliozipanga kwa bahati nasibu wilaya ndogo 132 katika makundi mawili, zilizotangulia kupata uthibitisho wa alama za vidole na zilizosubiri, kisha wakalinganisha. Uthibitisho peke yake haukupunguza wizi kwa kiwango kinachopimika. Kwa upande mwingine, kaya ambazo hazikuwa zimeunganisha namba zao zilipoteza takriban asilimia 10 ya thamani ya mgao wao kwa wastani. Baadaye, mwaka 2017, serikali ya jimbo ilipoanza kukata mgao wa maduka kwa kutegemea kumbukumbu za mashine, wizi ulipungua, lakini sehemu ya nafaka iliyookolewa ilitoka kwenye vyungu vya wenye haki. Katika miaka hiyo kadi nyingi zilifutwa kwa sababu ya kutounganishwa, na zilipofuatiliwa ilibainika kwamba wengi wa waliofutiwa walikuwa kaya halisi zinazoishi palepale zilipoandikwa.

Septemba 2017 mtoto wa kike wa miaka 11 alifariki katika wilaya ya Simdega, Jharkhand. Kadi ya mgao ya familia yake ilikuwa imefutwa, na mama yake alisema mtoto alikufa akiomba wali. Maofisa wa serikali walikana kwamba njaa ndiyo iliyomuua, wakasema ni malaria. Mwezi uliofuata serikali kuu ilitoa waraka kwamba asinyimwe mtu chakula kwa kukosa Aadhaar au kwa mashine kukataa, na mwaka 2018 Mahakama ya Juu, ikikubali Aadhaar itumike katika ruzuku, nayo ilisisitiza kwamba kushindwa kuthibitishwa kusimnyime mtu haki yake. Sitaki kulipita jambo hili upesi. Kanuni ya nini kifanyike mashine inapokataa ilipaswa kuandikwa na kuchapishwa kwenye ukuta wa kila duka kabla ya mashine ya kwanza kuwashwa, na kuandikwa kwake baada ya msiba ni kasoro ya wabunifu wa mfumo, watu wa kazi kama yangu, kabla ya kuwa kasoro ya mwenye duka.

Kwa nini alama ya kidole haikupunguza wizi? Kwa sababu huthibitisha kwamba mtu alikuwapo na haisemi lolote kuhusu alichoondoka nacho. Mwenye duka alimwekesha mama kidole, mashine ikaandika kilo 25 kwa familia ya watu watano, naye akampimia 22. Nimeliona jambo la aina hiyo hapa nyumbani, katika ugawaji wa mahindi ya njaa kwenye kijiji kimoja. Orodha ilikuwa safi, imeandaliwa kwa vishikwambi, kila kaya na jina lake na namba yake ya simu, na mtendaji wa kijiji alijivunia kwamba hakuna jina hewa hata moja. Mahindi yenyewe yalipimwa kwa sado, ile kopo ya rangi, na sado hiyo ilikuwa imebonyea kitako. Mzee mmoja aliisogelea meza, karani akamwamkia, naye akaitikia kwa upole kisha akamuuliza: "Mwanangu, hicho kishikwambi chako kinajua sado hii inaingia kilo ngapi?" Karani akajibu kwamba mfumo unaonyesha Mzee ameshapokea mgao kamili. Na kweli, kwenye mfumo alikuwa ameshapokea.

Baadhi ya majimbo ya India yaliliona pengo hilo na kuiunganisha mizani ya kielektroniki na mashine ya dukani, kiasi kwamba muamala haukamiliki mpaka mizani isome uzito unaostahili. Andhra Pradesh ilikuwa miongoni mwa yaliyotangulia. Huo ni uhandisi mdogo, wa gharama ndogo kuliko kanzidata ya mboni za macho za taifa zima, na unamgusa mwenye duka kabla ya kumgusa mteja wake.

Lipo hata hivyo eneo moja ambalo mashine ya dukani imemletea mlaji nguvu ya kweli, na haki inanitaka nilieleze. Zamani kadi ilimfunga mtu kwenye duka moja, na mwenye duka alijua hilo. Mwaka 2012 Chhattisgarh ilianza, katika mji wa Raipur, utaratibu wa kumruhusu mwenye kadi achukue mgao wake duka lolote atakalo. Muuzaji anayepunja au kufungua duka siku mbili kwa mwezi akaanza kupoteza wateja, na pamoja nao kamisheni. Agosti 2019 serikali kuu ikalipeleka wazo hilo mbali zaidi kwa mpango wa kadi moja kwa taifa zima, kuanzia na jozi mbili za majimbo, Andhra Pradesh na Telangana, Gujarat na Maharashtra, na kufikia katikati ya mwaka 2022 majimbo yote yalikuwa ndani. Kibarua anayetoka Bihar kwenda kujenga maghorofa Mumbai anaweza kuchukua sehemu yake huko, na familia ikachukua iliyobaki kijijini. Jambo hili haliwezekani kwa daftari la karatasi. Thamani yake ilionekana Machi 2020, nchi ilipofungwa ghafla kwa sababu ya Uviko-19 na mamilioni ya vibarua wakakwama mijini na kadi ambazo wengi wao hawakuweza kuzitumia walipokuwa.

Kwa hiyo sisemi mashine zitupwe. Nazungumzia mpangilio wa hatua, na nikipewa nafasi ya kuandika masharti ya zabuni ya mfumo wa namna hii katika nchi zetu, hatua ya kwanza kulipiwa ingekuwa ukurasa wa wazi unaoonyesha kila ghala, kila lori na kila duka lina magunia mangapi leo, pamoja na ujumbe wa simu kwa yeyote atakaye. Mizani ingefuata. Utambulisho wa mlaji ungekuja baada ya hivyo viwili kufanya kazi msimu mzima, na ungekuja ukiwa na njia ya kando iliyoandikwa: kidole kikikataa, mtu apewe chakula chake siku hiyohiyo, aandikwe kwenye daftari maalumu, na daftari hilo lisomwe kwenye mkutano wa kijiji. Jina lisifutwe na ofisa aliyekaa mjini bila mtu kwenda kugonga mlango wa kaya husika.

Baada ya yote hayo linabaki jambo ambalo hakuna programu inayoweza kulitatua, nalo kwa India ndilo linaloacha nje watu wengi zaidi. Sheria ya mwaka 2013 inasema mgao uwafikie hadi asilimia 75 ya watu wa vijijini na asilimia 50 ya watu wa mijini, na idadi hiyo bado inapigwa kwa sensa ya mwaka 2011. Sensa ya 2021 iliahirishwa, na hesabu ya watu imepangwa kufanyika mwaka 2027. Wachumi Jean Drèze na Reetika Khera wamekadiria kwamba zaidi ya watu milioni 100 wangekuwa na haki ya mgao kama idadi ingepigwa kwa watu waliopo sasa. Majimbo mengi yamejaza nafasi zake zote, na kwa sababu hiyo kaya mpya huambiwa isubiri mpaka jina la mwingine litoke. Hivi sasa kila mtu aliyemo kwenye kadi anatakiwa tena kuthibitishwa kwa kidole au kwa sura, tarehe ya mwisho imekuwa ikisogezwa mbele mara kwa mara, na kila jina linaloondolewa katika zoezi hilo hufungua nafasi kwa jina lingine lililokuwa nje. Ofisa wa wilaya mwenye foleni ya waombaji mlangoni na orodha yenye kitufe cha kufuta mezani anajua ni kipi kati ya viwili hivyo alichopewa mamlaka ya kukipunguza.